Mgonjwa wa moyo anayeishi mbali: jinsi ya kumleta kwenye utengamao na kumfikisha mwisho

Utengamao wa moyo ni programu ya wiki kadhaa, mara nyingi nane hadi kumi na mbili. Ni ya mtu aliyepata shambulio la moyo, aliyewekewa stenti (kibomba kidogo kinachoshikilia mshipa wa moyo ubaki wazi), aliyepasuliwa moyo, au ambaye moyo wake hausukumi damu vizuri. Lengo ni kumrudishia nguvu kwa mazoezi yaliyopimwa, dawa zinazomezwa sawasawa, elimu, na msaada wa kuacha tumbaku na kukabili sonona. Tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kwamba kwa wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, programu yenye mazoezi hupunguza vifo vitokanavyo na moyo kwa takriban robo, na hupunguza kulazwa tena. Kidonge chenye nguvu hiyo kingegombewa. Lakini huko Marekani, ambako Medicare, bima ya serikali hasa kwa wazee, hulipia hadi vipindi 36, takwimu za 2016 zilionyesha kuwa mzee mmoja tu kati ya wanne waliostahili alihudhuria hata kipindi kimoja, na kati ya walioanza, robo hivi ndio waliomaliza vyote. Kwa wanaoishi vijijini na wenye kipato kidogo, mahudhurio ni haba zaidi.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, wataalamu wa fiziotherapia, madaktari na wasimamizi wa kliniki wanaotaka kubadili hali hiyo kwa vifaa walivyo navyo. Msimamo wetu ni mmoja: mgonjwa wa kijijini ni nadra kukataa utengamao. Hupotelea njiani, na njia yenyewe tumeichora sisi. Kwa hiyo kazi kubwa ni kupunguza safari, siku za kusubiri na pesa zinazomtoka. Kuhamasisha kuna nafasi yake, lakini ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Hatua ya 1: Fungua daftari, ujue unawapotezea wapi

Kabla ya kubadili chochote, chukua wagonjwa wote wa moyo walioruhusiwa kutoka wodini miezi mitatu iliyopita na uandike kwa kila mmoja: tarehe ya kuruhusiwa, ugonjwa, kama aliandikiwa rufaa ya utengamao, tarehe aliyopangiwa, tarehe aliyofika, idadi ya vipindi alivyohudhuria, na kama alimaliza. Karatasi yenye mistari inatosha.

Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, wagonjwa 100 walistahili. Waliopewa rufaa ni 60, waliofika mara ya kwanza ni 25, waliomaliza ni 10. Kliniki nyingi zitawaona wale 15 walioachia katikati, kwa sababu sura zao zinajulikana, na zitaanza kubuni mbinu za kuwabakiza. Wakati huo huo watu 40 hawakuambiwa lolote, na wengine 35 waliambiwa wakaishia nyumbani. Anza pale pengo lilipo kubwa. Ukianza kwingine utafanya kazi nyingi na namba ya mwisho haitasogea.

Kwa wagonjwa wapya ongeza safu nne: muda wa safari kutoka mlangoni kwake hadi kliniki, namba mbili za simu, jina la mwenye simu, na anayelipa nauli. Uliza muda, usiulize kilomita. Kilomita 15 zenye mto unaofurika wakati wa mvua ni ndefu kuliko 60 za lami.

Hatua ya 2: Rufaa isitegemee kumbukumbu ya mtu

Daktari mwenye wagonjwa arobaini atasahau, na atakayemsahau kwanza ni yule asiyeuliza maswali. Weka rufaa ya utengamao kwenye fomu ile ile ya kumruhusu mgonjwa, ikiwa imekwisha kuwekewa alama ya ndiyo. Asiyetaka mgonjwa aende ndiye aifute na aandike sababu. Kisha mteue mtu mmoja, kwa kawaida muuguzi, anayepita kitandani kuzungumza na kila aliyeandikiwa. Utafiti mkubwa wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2011 ulipima jambo hili: rufaa ya moja kwa moja ikiambatana na mazungumzo ya kitandani ilifikia zaidi ya asilimia 85 ya wagonjwa, wakati utaratibu wa kawaida uliishia asilimia 32 hivi. Kimoja bila kingine kilisaidia, lakini si kwa kiwango hicho.

Wanaostahili ni waliopata shambulio la moyo, waliowekewa stenti, waliopandikizwa mishipa, waliotengenezewa au kubadilishiwa vali, wenye maumivu ya kifua ya muda mrefu yaliyotulia, na wenye moyo kushindwa kufanya kazi ambao hali yao imetulia. Mazoezi yasubiri kwa mwenye maumivu ya kifua yanayokuja akiwa amepumzika au yanayozidi siku hadi siku, mwenye mapigo yasiyo na mpangilio ambayo hayajadhibitiwa, mwenye vali ya aota iliyobana sana na yenye dalili, mwenye homa, na mwenye presha inayofika 180/110 akiwa amekaa. Kusubiri hakumaanishi kufutwa. Mwandikie tarehe ya kupimwa upya, la sivyo hutamwona tena.

Hatua ya 3: Dakika kumi kitandani

Neno la daktari lina uzito wa pekee. Sentensi moja, "Hii ni sehemu ya matibabu yako, kama vidonge," humsogeza mgonjwa kuliko kipeperushi chenye rangi. Daktari akishasema hivyo, muuguzi anachukua nafasi na kushughulika na maisha yenyewe. Mazungumzo mazuri yanakwenda hivi:

"Mama, daktari amekwisha kukueleza kuhusu mazoezi ya moyo. Kutoka kwako mpaka hapa unatumia muda gani?"

"Masaa matatu, na gari ni moja tu, la alfajiri."

"Na kurudi?"

"Linaondoka saa nane. Likiniacha, nalala kwa watu."

"Basi nakuandika saa nne, na saa saba kamili tutakuwa tumekuachia. Nani atakusindikiza mara ya kwanza?"

"Mwanangu wa kiume. Ila siku za kazi anafuata vibarua."

"Siku gani hana kibarua?"

Yote muhimu yamo humo: saa ya miadi imefuata ratiba ya gari, na siku itafuata kibarua cha kijana. Kabla ya kuondoka, hakikisha ameelewa kwa kumwomba akueleze yeye, na lawama iwe yako: "Nimesema mengi, mama, sijui kama nimeeleza vizuri. Jirani akikuuliza mbona unarudi tena hospitali, utamjibuje?" Akijibu, "Nakwenda kupimwa," hajaelewa; rudia kwa maneno mengine. Kumuuliza "Umeelewa?" hakusaidii kitu, kwani kila mtu huitikia ndiyo mbele ya mwenye koti jeupe.

Hofu ya kawaida ni kwamba mazoezi yatauchosha moyo uliokwisha kuumia. Ijibu wazi: kwenye mazoezi yanayosimamiwa, tukio kubwa la moyo hutokea kama mara moja katika masaa 50,000 au zaidi ya mazoezi. Usiache ndugu nje ya mazungumzo haya. Mara nyingi mgonjwa yuko tayari, ila nyumbani wanamkataza kuinuka kitini, wakidhani wanamlinda. Kwa wanawake mara nyingi huwa kinyume: anarudi na kukuta kazi zote zinamngoja. Vyote viwili vinatatuliwa na ndugu huyo huyo akiwa ameketi hapo na kusikia kwa masikio yake.

Hatua ya 4: Aondoke na tarehe mkononi, na iwe karibu

"Tutakupigia" ni njia ya uhakika ya kumpoteza mtu. Tarehe na saa viandikwe kwenye karatasi yake ya kuruhusiwa kabla hajavua nguo za wodi. Jaribio moja la Marekani lililochapishwa 2013 liliwapangia baadhi ya wagonjwa miadi ndani ya siku 10 na wengine siku 35. Waliofika walikuwa asilimia 77 kwa kundi la kwanza na 59 kwa la pili. Hakuna kilichobadilishwa ila tarehe.

Kwa aliye mbali, miadi hiyo ya kwanza iunganishwe na jambo linalomleta kwa vyovyote: kuangaliwa kidonda, kuchukua dawa, kipimo cha damu. Siku ya pili au ya tatu baada ya kufika nyumbani apigiwe simu. Maswali ni mawili tu: dawa zote zimepatikana? Kuna kinachokutisha? Simu hiyo huibua dawa zilizokosekana, na wakati mwingine huokoa stenti, kwa sababu mtu akiacha ghafla klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda, muda mfupi baada ya kuwekewa stenti, damu inaweza kuganda ndani ya stenti hiyo akapata shambulio jingine.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya safari moja, kwa karatasi

Hata huduma ikiwa bure, kuhudhuria kuna gharama. Kaa na mgonjwa mjumlishe: nauli yake kwenda na kurudi, nauli ya msindikizaji, chakula cha njiani, malazi gari likimwacha, na ujira wa siku uliopotea kwa wote wawili. Zidisha kwa vipindi mlivyompangia. Ukiona jumla hiyo ikikaribia pato lake la mwezi, usimshauri awe na moyo wa kujitolea; badilisha mpango.

Kuna njia tatu za kupunguza. Ya kwanza ni kupunguza safari zenyewe, nayo iko kwenye hatua inayofuata. Ya pili ni kurudisha nauli, lakini taslimu na siku ile ile. Urejeshaji unaodai risiti, fomu na kusubiri mwezi humwacha maskini palepale, maana kuazima nauli ndiko kulikomshinda. Ya tatu ni motisha ya fedha kwa kila kipindi kilichohudhuriwa. Baadhi ya wahudumu huiona kama hongo. Hatukubaliani nao. Jaribio lililofanyika Vermont, Marekani, na kuchapishwa 2019, kwa wagonjwa wenye bima ya watu wa kipato cha chini, lilipandisha waliomaliza kutoka asilimia 29 hadi 55. Ukiwa na bajeti ndogo, itumie mwanzoni mwa programu, mazoea yanapojengwa.

Hatua ya 6: Gawa programu kati ya kituo, zahanati na nyumbani

Utengamao wa nyumbani, ukiandaliwa na kufuatiliwa vizuri, hutoa matokeo yanayolingana na ule wa kituoni kwa wagonjwa wenye hatari ndogo hadi ya wastani. Kwa anayeishi masaa matatu mbali, usiutazame kama huduma ya daraja la pili. Mpango wa wiki 12 unaofanya kazi ni huu:

Wiki ya 1: safari ya kwanza kituoni. Tathmini, kipimo cha kutembea, mazoezi ya kwanza chini ya uangalizi, kadi ya dharura. Tenga masaa mawili hadi matatu. Usimgawie siku mbili.

Wiki ya 2 hadi ya 5: mazoezi nyumbani siku tano kwa wiki, simu mara moja kwa wiki, na kupimwa presha na uzito zahanati ya karibu au na mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

Wiki ya 6: safari ya pili. Kurekebisha dawa na kiwango cha mazoezi.

Wiki ya 7 hadi ya 11: nyumbani tena, simu kila baada ya wiki mbili.

Wiki ya 12: safari ya mwisho, kipimo cha kutembea, makabidhiano.

Ni safari tatu badala ya 36. Wasiofaa kuanzia nyumbani ni wenye maumivu ya kifua kwa kazi ndogo, waliowahi kuzimia wakijishughulisha, ambao presha hushuka wakifanya mazoezi, na wenye mapigo hatari ya ventrikali (vyumba vya chini vya moyo). Hao waanze chini ya uangalizi kwa wiki mbili hadi nne. Ikiwa safari za kila siku hazimudiki, kumtafutia malazi karibu na kituo kwa muda huo ni nafuu kuliko kumlaza tena.

Mhudumu wa jamii ni nguzo ya mpango huu, mradi mipaka yake ijulikane. Anapima, anaandika, anatembea na mgonjwa mara ya kwanza, anatoa taarifa. Habadilishi dawa. Mfundishe kupima presha ipasavyo: mgonjwa amekaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo, hazungumzi, vipimo viwili vikipishana dakika moja. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma juu kuliko ukweli, na mtu huongezewa dawa asizohitaji.

Hatua ya 7: Kipimo cha kutembea dakika sita

Huhitaji mashine ya kukimbilia. Tafuta sehemu tambarare ya mita 30, weka alama kila mita 3 na kitu cha kuzungukia kila mwisho. Mgonjwa apumzike dakika kumi kitini. Pima presha, mapigo, na oksijeni kama kifaa kipo. Mwambie atembee umbali mrefu awezavyo kwa dakika sita, anaruhusiwa kupunguza mwendo au kusimama, na saa haitasimamishwa. Usitembee ubavuni mwake, utampangia mwendo. Kila dakika ikipita sema sentensi ile ile ya kutia moyo kwa sauti ile ile. Anayeshangiliwa hutembea zaidi, na mwezi wa tatu utashindwa kujua kilichobadilika ni moyo au ni kelele zenu.

Simamisha akipata maumivu ya kifua, akihema kupita kiasi, akiyumba, akitoka jasho la baridi au akipauka. Andika mita. Ongezeko la mita 25 hadi 30 mwishoni mwa programu huhesabiwa kuwa la maana. Uwanja ukiwa mfupi, tumia mita 20 au hata 15, ila utumie urefu huo huo mara zote mbili.

Hatua ya 8: Kikao cha nyumbani, dakika kwa dakika

Andika kwenye karatasi moja, kwa michoro kama hasomi.

Dakika 10 za kupasha mwili: kutembea taratibu, kuinua magoti akishikilia kiti, kuzungusha mabega. Kisha kutembea kwa mwendo wake: wiki ya kwanza dakika 5 hadi 10 mara mbili kwa siku, akiongeza dakika moja au mbili kila baada ya siku mbili mpaka afike 30 kwa mfululizo. Mwisho dakika 10 za kupoa. Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye hatari: akisimama ghafla, damu hubaki miguuni, presha hushuka, anaanguka.

Kiwango cha bidii hakipimwi kwa mapigo pekee, kwani betabloka, dawa za moyo na presha, huyashusha. Tumia kipimo cha Borg, ambacho mgonjwa mwenyewe hutaja bidii anayoihisi kwa namba kuanzia 6 hadi 20, na ulenge 11 hadi 13. Kwa asiyependa namba: awe anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatiza, lakini kuimba kumshinde. Anayeimba aongeze mwendo. Anayejibu neno moja moja apunguze.

Siku mbili au tatu za wiki aongeze mazoezi ya nguvu: kuinuka na kuketi kitini mara 8 hadi 12, kupanda na kushuka kidato, kuinua chupa ya maji ya nusu lita. Asibane pumzi, ahesabu kwa sauti, hawezi kuhesabu na kubana pumzi kwa pamoja. Aliyepasuliwa kifua asiinue kitu kinachozidi kilo 4 au 5, asisukume wala kuvuta kwa nguvu wiki 6 hadi 8 za mwanzo, na afuate maelekezo ya daktari wake wa upasuaji, maana mfupa wa kifua huchukua takriban wiki 12 kuunga.

Hapa swali la shamba halikwepeki. "Mimi nalima, mazoezi ya nini tena?" Kulima ni kazi ya ghafla ghafla, ya mikono na mgongo, mara nyingi juani, ikiambatana na kubana pumzi; hupandisha presha bila kumpa moyo mwendo wa taratibu unaojengwa. Usimkataze shamba, maana atakudanganya tu. Mpangie arudi kwa ngazi: kwanza kupalilia kwa mkono dakika 15 na kupumzika 10, asubuhi kabla jua halijawa kali, kisha aongeze kila wiki. Jembe zito na kubeba mizigo vije mwisho. Anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini awe mwangalifu zaidi na joto. Mwenye kisukari anayetumia insulini au dawa zinazoshusha sukari ale kidogo kwanza na awe na kitu kitamu mfukoni.

Hatua ya 9: Kadi ya dharura kwa mahali ambapo gari la wagonjwa halifiki

Maelekezo ya mjini, "piga simu ya dharura usubiri," hayana maana pasipo na wa kuitikia. Kwenye safari ya kwanza jaza na ndugu kadi hii: gari la nani litatumika, namba ya dereva wake, gari mbadala likikosekana, kituo cha karibu chenye kipimo cha umeme wa moyo, nani anashika fedha za safari na ziko wapi. Ibandike ukutani nyumbani na nakala iwe kwa jirani.

Upande wa pili wa kadi: ukipata maumivu au kubanwa kifua, acha kila kitu, keti. Weka dozi moja ya nitrogliserini (dawa ya kutuliza maumivu ya kifua ya moyo) chini ya ulimi kama umeandikiwa. Dakika tano zikipita bila nafuu, hiyo ni dharura: safari ianze hapo hapo, ongeza dozi ya pili, na tafuna aspirini miligramu 300 kama huna mzio na daktari ameiandika kwenye kadi. Usijaribu kulala uone kama yatapita. Nitrogliserini isitumike ndani ya saa 24 baada ya sildenafili, dawa ya nguvu za kiume. Waulize wanaume hili faraghani, hawatakuambia wenyewe. Ukiwa hapo gusia na tendo la ndoa: anayepanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu wala kuhema sana kwa kawaida anaweza. Wengi huacha programu wakiwa na swali hilo moyoni.

Mwenye moyo kushindwa kufanya kazi aongezewe mstari mmoja: jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya kula. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, au usiku ukihitaji mito zaidi, toa taarifa siku hiyo.

Hatua ya 10: Simu yenye kazi

Kliniki ndiyo ipige. Mgonjwa asigharimie hata sekunde. Mkubaliane siku, saa na mahali penye mtandao, na mpigaji awe mtu yule yule. Sauti anayoijua hupokelewa, namba ngeni hukatwa. Simu ikiwa ya familia nzima, usiache ujumbe unaotaja ugonjwa wala dawa. Kwa wasiosoma, ujumbe wa sauti wa nusu dakika unatosha.

Maswali ni matano: umetembea siku ngapi, dakika ngapi, ulifika wapi kwenye Borg; umepata maumivu, kizunguzungu au kuvimba; dawa zipi zimebaki, zihesabu sasa hivi nikusikie; presha na uzito vinasomaje; wiki hii kitakukwamisha nini? La mwisho ndilo lenye mali. Ndilo litakalokuambia kuhusu mavuno au msiba siku nne kabla, wakati bado unaweza kusogeza miadi.

Akikosa kikao, apigiwe ndani ya siku mbili. Usianze na "mbona hukuja". Anza na "nilikuwa nakuwaza, uko salama?"

Hatua ya 11: Wiki ya tatu hadi ya sita

Hapa ndipo wengi wanapoachia, na sababu ya kwanza ni kwamba wamepona, kwa wanavyojiona. Maumivu yamekwisha, mwili una nguvu. Mweleze mapema, wiki ya kwanza, kwamba siku hiyo itakuja, na kwamba dawa na mazoezi ndivyo vinavyoileta.

Ya pili ni madhara ya dawa anayoyatatua mwenyewe kwa kuziacha. Uchovu wa betabloka mara nyingi hupungua baada ya wiki chache, na kuiacha ghafla ni hatari. Kikohozi kikavu cha enalaprili, dawa ya presha na moyo, huisha kwa kubadilishiwa dawa ya kundi jingine, kama losatani. Furosemidi, dawa ya kupunguza maji mwilini kwa kukojoa, ina balaa lake la safari: huanza kazi ndani ya saa moja na huendelea kwa masaa sita hivi, kwa hiyo aliyeimeza alfajiri hawezi kukaa kwenye gari lisilosimama. Anachagua kati ya kidonge na kliniki, na kwa kawaida vyote viwili vinamponyoka. Mtabibu amruhusu siku ya safari aimeze akisharudi nyumbani. Sentensi hiyo moja imwandikie kwenye kadi.

Ya tatu ni sonona. Humkamata mtu baada ya shambulio la moyo, humlegeza, na familia husema amekuwa mvivu. Tumia dodoso la PHQ-9, maswali tisa ya kupima sonona, kwenye safari ya kwanza na ya pili. Alama 10 na zaidi zinahitaji tathmini na matibabu. Jibu lolote juu ya sifuri kwenye swali la kutaka kujidhuru lishughulikiwe kabla hajatoka chumbani.

Hatua ya 12: Makabidhiano

Kwenye safari ya mwisho rudia kipimo cha kutembea na umwonyeshe mgonjwa namba zote mbili zilizoandikwa kubwa. "Mwanzo mita 290, leo 365" ni ushahidi anaoweza kumsimulia mtu yeyote. Kisha iandikie zahanati yake ukurasa mmoja: ugonjwa, kilichofanyika na tarehe, kila dawa na dozi, presha inayolengwa, dawa ipi isikatizwe na mpaka lini (klopidogreli baada ya shambulio la moyo mara nyingi ni miezi 12), na namba ya kupiga wakiwa na shaka. Barua apewe mgonjwa, na picha yake itumwe zahanati. Sheria zikiruhusu, aondoke na dawa za miezi mitatu.

Kila robo mwaka rudi kwenye daftari. Chagua pengo moja, badilisha jambo moja, uone namba. Ukibadilisha matano kwa mpigo, hutajua lipi la kulipia mwakani. Na wapigie wachache walioacha, uwaulize kitu gani kingewawezesha kurudi wiki ijayo. Wakijibu nauli, usiandike "hana mwamko" kwenye faili.